Mazoezi ya balansi kwa wazee: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kusimama, kutembea na kujua uzito wa mwili uko upande gani

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanauliza kila mara wakiwa na mzazi, babu au bibi ambaye ameanza kuyumba. Mengine yanatoka kwa wazee wenyewe. Majibu mengine ni marefu kwasababu jambo lenyewe linahitaji, mengine mafupi. Kama una haraka nenda moja kwa moja kwenye lile la uzito kwanza mguu baadaye, hilo ndo moyo wa ukurasa huu wote.

Balansi ni nini hasa na kwanini inapungua mtu akizeeka?

Ili usimame bila kuanguka ubongo unapokea taarifa toka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo na misuli ya miguu. Ubongo unaziunganisha alafu unaiamuru misuli irekebishe, na hii inafanyika mda wote hata ukiwa umesimama tu unasubiri daladala, mwili unayumba kidogo kidogo bila wewe kujua na misuli inaurudisha. Sasa mtu akizeeka macho yanafifia, mtoto wa jicho anaingia, sikio la ndani linachoka, nyayo zinapoteza hisia, na misuli nayo inapungua, maana kuanzia miaka ya 30 hivi mtu anapoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi na baada ya 60 kasi inaongezeka. Pia misuli inachelewa kujibu, ule mguu wa kudaka mwili usianguke unakuja lakini umechelewa.

Ila kuna sababu nyingine ambayo kiukweli inaniuma kuliko zote, nayo ni upendo wetu. Mama akifika sabini tunamkalisha kwenye kiti barazani, maji analetewa, chakula analetewa, hata rimoti analetewa, akitaka kunyanyuka watu watatu wanasema kaa mama usisumbuke. Miezi inapita hajasimama kwa mguu mmoja, hajainama kuokota kitu, hajageuka ghafla. Mwili unasahau kile usichofanya. Alafu siku akienda chooni usiku peke yake ndo anaanguka, na tunasema ni uzee.

Kwani kuanguka ni jambo kubwa hivyo? Si kila mtu anaanguka?

Kwa kijana ni mchubuko. Kwa mzee ni mfupa wa nyonga, na mfupa wa nyonga maana yake upasuaji, kitanda, vidonda vya mgongo, nimonia, gharama ambazo familia nyingi hazina. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwasababu ya kuanguka, wengi wao ni wa miaka 60 kwenda juu, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Na hata asipovunjika kitu anabaki na woga. Woga unamfanya atembee kidogo, akitembea kidogo miguu inalegea, miguu ikilegea anaanguka tena.

Mnaposema kujua uzito wa mwili mnamaanisha kilo?

Hapana, kilo nazo zina swali lake huko chini. Hapa tunamaanisha kuhisi uzito wako umekaa sehemu gani ya unyayo na mguu upi umeubeba.

Jaribu sasa hivi. Vua viatu, simama karibu na meza nzito au shika nondo za dirisha, miguu iachane kiasi cha upana wa nyonga. Usiangalie chini. Sikiliza nyayo tu. Uzito uko kisiginoni au mbele karibu na vidole? Mguu wa kulia na wa kushoto vinabeba sawa? Chini ya kidole gumba pameguswa sakafu au pananing'inia? Watu wengi hawajawahi kujiuliza haya maisha yao yote, na hawakuwa na haja, mwili ulikuwa unafanya wenyewe. Kwa mzee inabidi aanze kujua kwa makusudi.

Wazee wengi utakuta wamesimama uzito wote uko nyuma kwenye visigino, hasa wale wanaokaa sana. Mtu wa hivyo ukimgusa kifuani kidogo tu anaenda kinyumenyume. Uzito mzuri unakaa mbele kidogo ya kifundo cha mguu, katikati ya kisigino na ile sehemu nene chini ya vidole, na vidole vinagusa sakafu vimetulia bila kukunja. Mwambie aegemee mbele taratibu mpaka ahisi vidole vinaanza kushika sakafu, alafu arudi nyuma mpaka ahisi vidole vinataka kunyanyuka, alafu atafute katikati. Dakika mbili tu. Kwa wengi hili peke yake linabadilisha wanavyosimama siku hiyohiyo.

Ile habari ya uzito kwanza mguu baadaye ni nini?

Hili naomba usome taratibu. Ukitembea, karibu asilimia 80 ya mda wako unakuwa umesimama kwa mguu mmoja, mguu mwingine uko hewani. Ili unyanyue mguu wa kulia lazima uzito wako wote uwe umeshahamia kushoto. Kijana anahamisha bila kufikiri. Mzee anayeogopa anajaribu kunyanyua mguu ambao bado umebeba uzito, mguu haunyanyuki, ndo unaona anaburuza nyayo, hatua fupifupi, au ananyanyuka kwenye kiti na kugeuka palepale kabla miguu haijakaa sawa na anaenda na maji.

Kule Kanada watafiti waliweka kamera kwenye maeneo ya pamoja ya nyumba mbili za kulelea wazee, mkoa wa British Columbia, kati ya 2007 na 2010, wakapata video za watu wakianguka kweli 227. Sote tungedhani wengi walijikwaa au waliteleza. Kujikwaa ilikuwa asilimia 21 tu. Sababu iliyoongoza, asilimia 41, ilikuwa kuhamisha uzito vibaya, yaani mtu yuko peke yake, hajagongwa na mtu, hajakanyaga kitu, ameegemea au amegeuka au ametaka kupiga hatua na uzito ukaenda kusikotakiwa. Utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet 2013. Ndo maana sisi tunasisitiza hili kuliko kunyanyua vyuma.

Namna ya kufundisha: simama umeshika meza, miguu imeachana. Peleka nyonga kulia polepole mpaka mguu wa kulia ubebe karibu kila kitu na wa kushoto uwe mwepesi kabisa, mwepesi kiasi kwamba mtu anaweza kupitisha karatasi chini yake. Subiri. Pumua. Ndo sasa nyanyua kisigino cha kushoto, alafu rudisha. Kisha upande wa pili. Kiwiliwili kibaki wima, kinachosafiri ni nyonga sio kichwa. Mzee akikosea utaona anainamisha bega kulia huku nyonga imebaki katikati, hapo uzito haujahama, bega ndo limehama. Mwekee mkono wako pembeni ya nyonga umwambie njoo unisukume hapa, ataelewa mara moja.

Nitajuaje balansi ya mzee wangu ikoje bila kwenda hospitali?

Kuna vipimo vitatu vinavyotumika hata kliniki, ukifanya simama pembeni yake karibu kabisa na kuwe na kitu cha kushika.

Cha kwanza ni kusimama kwa mikao minne, kila mmoja sekunde 10 bila kushika: miguu pamoja, alafu mguu mmoja umesogea mbele nusu, alafu kisigino cha mmoja kinagusa vidole vya mwingine kama anatembea kwenye kamba, mwisho mguu mmoja. Akishindwa ule wa kisigino na vidole kwa sekunde 10 yuko kwenye hatari ya kuanguka na mazoezi yaanze sasa hivi.

Cha pili, anyanyuke kwenye kiti na kukaa tena kwa sekunde 30, mikono amekunja kifuani. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya mara 10, au mwanaume wa umri huo chini ya 12, miguu yake iko chini ya kiwango. Cha tatu, anyanyuke kwenye kiti, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili mbaya.

Hicho kipimo cha mguu mmoja msikidharau. Brazili walifuatilia watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, matokeo yakatoka 2022, karibu mmoja kati ya watano alishindwa kusimama mguu mmoja sekunde 10, na walioshindwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki ndani ya miaka saba hivi iliyofuata. Haimaanishi mguu ndo unaua, ila unaonyesha mwili wote ulipo.

Sawa, tuanze na mazoezi gani?

Kwanza mahali. Kiti cha plastiki HAPANA, kinateleza na kinapinduka na mzee. Tumia meza nzito ya kulia chakula, kaunta ya jikoni, au nondo za dirisha kama ziko usawa mzuri. Sakafu kavu. Asubuhi baada ya chai ni nzuri kuliko jioni ameshachoka.

Anza na kule kuhamisha uzito nilikoeleza, mbele nyuma, kulia kushoto, dakika chache. Alafu kunyanyua visigino vyote viwili na kushusha polepole, na kunyanyua vidole huku umesimama kwa visigino. Alafu kukaa na kusimama, hili ndo mfalme wa yote. Miguu irudi nyuma kidogo chini ya magoti, pua iende mbele mpaka ipite vidole vya miguu, usikie uzito umeingia kwenye nyayo, HAPO ndo unyanyuke. Wazee wengi wanashindwa kunyanyuka sio kwasababu miguu haina nguvu, ni kwasababu wanajisukuma juu wakati uzito bado uko kwenye makalio. Na kukaa chini ni polepole hivyohivyo, wasijitupe, kule kushuka taratibu ndo kunajenga mapaja.

Akizoea aende pembeni, hatua za upande kufuata kaunta, kulia na kurudi kushoto. Kutembea kisigino kwa vidole. Kugeuka kwa hatua ndogondogo nne au tano badala ya kuzungusha mwili na miguu imebaki. Kusimama mguu mmoja huku anashika kwa mkono mmoja, alafu vidole viwili, alafu kidole kimoja, alafu mkono uko juu ya meza bila kugusa. Ukiona haimtetemeshi hata kidogo basi ni rahisi mno, ongeza ugumu, maana balansi inajengeka pale mwili unapoyumba kidogo na kujirudisha. Ukiona anaogopa mpaka anashika pumzi, punguza.

Mara ngapi kwa wiki? Na itachukua mda gani kuona mabadiliko?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema wazee wafanye mazoezi mchanganyiko yenye balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand walitengeneza programu yao ya nyumbani miaka ya 1990, dakika kama 30 mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea, na kwenye majaribio yao kuanguka kulipungua kwa karibu asilimia 35. Uchambuzi mkubwa wa 2019 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, ulikusanya majaribio zaidi ya mia moja ukakuta mazoezi yanapunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23 hivi.

Mimi nashauri kila siku kidogo kuliko Jumamosi moja ndefu. Wakati wa kupiga mswaki, wakati ugali unaiva, wakati anasubiri simu ipigwe. Mabadiliko ya kusimama imara utayaona ndani ya wiki kadhaa, nguvu ya miguu inataka miezi miwili mitatu, na akiacha vinaondoka vyote, kwahiyo hii haina mwisho kama vile kuoga hakuna mwisho.

Bibi anasali sala zote tano, rukuu na sujudu, hiyo haitoshi?

Inamsaidia sana na tafadhali msimwambie aache. Kushuka mpaka sakafuni na kunyanyuka tena mara nyingi kila siku ni zoezi ambalo wazee wengi duniani hawana, linashika magoti, nyonga, vifundo na mgongo. Kama bado anaweza kushuka, asikimbilie kiti kwasababu tu wenzake msikitini wamekaa kwenye viti. Kama goti linauma sana au daktari amekataza, dini yenyewe imempa ruhusa akae.

Ila haitoshi, na sababu ni kwamba kwenye sala miguu yote miwili iko chini mda wote na haihami. Anayesali vizuri sana bado anaweza kuyumba akivuka mtaro. Kwahiyo mwambie akimaliza, kabla hajakunja mswala, ahamishe uzito kulia na kushoto na apige hatua za upande akiwa amegusa ukuta. Kwa wanaopiga magoti kanisani ushauri ni uleule, na kule kunyanyuka kutoka magotini ajifunze kuanza na mguu wenye nguvu zaidi.

Babu anatembea kila asubuhi mpaka dukani na kurudi. Bado anahitaji mengine?

Ndiyo. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, presha na sukari lakini tafiti zinaonyesha kutembea peke yake hakupunguzi kuanguka sana, na kwa mtu ambaye tayari anayumba kumwambia atembee haraka barabarani kwenye bodaboda na mashimo ni kumtafutia ajali. Ajenge balansi kwanza nyumbani.

Nimesikia taichi ni nzuri, ila huku hatuna.

Taichi ya Wachina ni nzuri kweli, na ukiiangalia vizuri utaona kazi yake kubwa ni hilihili la kuhamisha uzito polepole toka mguu mmoja kwenda mwingine ukiwa umekunja magoti kidogo. Cochrane waliona inapunguza kuanguka kwa asilimia 19 hivi. Ukipata video ukaiga sawa.

Lakini sisi tuna ngoma jamani. Mama wa Kitanga akisikia taarabu nyonga inahama kulia na kushoto bila kufundishwa, kwaya ya kanisani wanapiga hatua pembeni na kurudi, kule bara kuna ngoma za kukanyaga chini kwa nguvu. Hivi vyote ni mazoezi ya balansi na vina kitu ambacho kaunta ya jikoni haina, mzee anafurahi na anarudi kesho. Na kule Korogocho Nairobi kuna mashosho, yaani mabibi, wamejifunza kupiga ngumi na teke kujilinda, ukiwaona utajua umri haukatazi kitu.

Anasema ana kizunguzungu, tuendelee na mazoezi?

Simama kwanza tujue ni kizunguzungu gani, maana watu wanatumia neno moja kwa vitu vingi.

Kama kinakuja akinyanyuka kitandani au kwenye kiti, pima presha akiwa amelala dakika 5, alafu asimame upime baada ya dakika 1 na tena dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha inaporomoka akisimama. Mara nyingi ni dawa za presha, au hanywi maji ya kutosha kwasababu anaogopa kwenda chooni mara kwa mara. Mpeleke kwa daktari na dawa zote kwenye mfuko, msimwachishe dawa wenyewe. Wakati huo afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, apige miguu juu chini mara kadhaa, ndo asimame.

Kama nyumba inazunguka kwa sekunde chache akigeuka kitandani au akiangalia juu, inaweza kuwa chembe ndogo za sikio la ndani zimehama mahali pake, na hiyo daktari au mtu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) anaweza kuitibu kwa kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalum. Wengi wanaishia kumeza dawa za kizunguzungu miezi na miezi. Na dawa za usingizi, hata zile za mafua na aleji zinazoleta usingizi, zinamyumbisha mzee kuliko watu wanavyodhani.

Kizunguzungu kilichokuja ghafla pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutoeleweka ni dharura ya kiharusi, hospitali saa hiyohiyo.

Ana kisukari na miguu ina ganzi, atahisi vipi uzito?

Hatahisi vizuri na lazima tukubali hilo. Kwake nyayo zimenyamaza kwahiyo macho yanafanya kazi mara mbili, ndo maana usiku umeme ukikatika anapotea kabisa. Asifanye mazoezi ya kufumba macho. Afanye akiwa amevaa kiatu chepesi kilichofunga, sio pekupeku, maana anaweza kuumia asijue. Mfundishe kutafuta uzito kwa sehemu ambazo bado zinahisi, yaani goti, paja na nyonga, na agusishe vidole vya mkono ukutani, mguso mwepesi tu unampa ubongo taarifa. Kila jioni nyayo zikaguliwe, na tochi iwe kitandani pake kila usiku.

Haya sasa kilo. Mama ni mnene, apungue kwanza ndo aanze?

Aanze leo na kilo zake hizohizo. Ni kweli kitambi kinavuta uzito mbele na mgongo unajirudisha nyuma kufidia, na magoti yanabeba zaidi, lakini kumnyima mzee chakula ili apungue haraka kunaondoa misuli pamoja na mafuta na hapo unamwongezea hatari. Apunguze sukari, soda na mafuta ya kukaangia, asipunguze maharage, dagaa, mayai, maziwa na samaki.

Mimi nina wasiwasi zaidi na wazee wembamba. Mzee ambaye nguo zimeanza kumpwaya na hakuna anayejua kwanini, akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili, mfano toka kilo 60 kufika 57, apelekwe kwa daktari. Chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni haijengi mguu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwahiyo huyo wa kilo 60 anataka gramu 60 hadi 72. Mwenye tatizo la figo aulize daktari wake kwanza.

Viatu gani?

Ndala ndo adui. Kidole kinaishikilia kwa kujikunja na kisigino hakina kitu, akipiga hatua inabaki nyuma. Soksi kwenye marumaru nazo ni hatari. Kiatu kifunge nyuma, soli nyembamba ngumu kidogo isiyoteleza, kisigino kifupi.

Nyumbani turekebishe nini?

Choo na njia ya kwenda chooni, hapo ndo muanzie. Taa ibaki inawaka au tochi, kitu cha kushika ukutani kilichofungwa kwa bolti kwenye zege na sio ile reli ya taulo, maji ya sabuni yakaushwe. Kwa choo cha kuchuchumaa wekeni bomba la kushika mbele yake usawa wa kifua. Mikeka na zulia lenye kona iliyojikunja liondoke njiani. Kanga na gauni refu linalokanyagwa likunjwe pindo.

Atumie fimbo? Anaona aibu.

Kama anaihitaji atumie. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama mkono umening'inia, chini iwe na raba na raba ikiisha ibadilishwe. Inashikwa mkono wa upande ulio MZIMA, goti la kulia likiuma fimbo iko kushoto, na inaenda mbele pamoja na mguu unaouma. Wengi wanashika kinyume.

Hataki kabisa mazoezi, anasema yeye sio mtoto wa shule.

Basi usiyaite mazoezi. Baada ya shikamoo mwombe msaada, mama njoo tuchambue mchele hapa kwenye kaunta tumesimama, baba nishikie ngazi, bibi nionyeshe mlivyokuwa mnacheza harusini kwenu. Mtu aliyelea watoto, akalima, akabeba maji kichwani kwenye mlima, alikuwa na balansi kuliko sisi wote, mkumbushe hilo kwa heshima na usimwamrishe mbele ya wajukuu. Kama ni woga baada ya kuanguka, kaa upande wake, mpe mkono wako aushike yeye badala ya wewe kumshika kwapani na kumvuta, maana ukimvuta uzito wake unaubeba wewe na yeye hajifunzi chochote.

Aliwahi kupata kiharusi, au amewekewa chuma kwenye nyonga.

Huyu aanze na mtu wa fiziotherapia, hospitali za rufaa zinao, ampangie vitu vyake. Baadhi ya mikao hairuhusiwi baada ya upasuaji wa nyonga na mimi siwezi kukupangia hapa.

Ameanguka sasa hivi. Tufanyeje?

Msimnyanyue. Najua kila mtu atakimbia kumvuta mikono, subirini. Muulizeni wapi panauma, kichwa kimegonga? Kama mguu mmoja umeonekana mfupi na umegeuka kwa nje, au hawezi kukanyaga, au nyonga inauma sana, abaki hapohapo afunikwe na atafutwe usafiri wa kulala, asikalishwe kwenye bajaji. Wala asipelekwe kukandwa na mafuta, mfupa wa nyonga ukikandwa unaharibika zaidi. Kichwa kikigonga na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata kama anaongea vizuri.

Kama yuko salama kabisa, mleteeni kiti kizito. Ageuke ubavu, asukume kwa mikono mpaka apige magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti, mikono miwili juu ya kiti, mguu wenye nguvu uje mbele unyayo ukanyage sakafu, uzito uende kwenye mguu huo na mikononi, asukume, ageuke akae. Hili mlifanyie mazoezi siku akiwa mzima, juu ya godoro au mkeka mnene, kwasababu mzee aliyebaki sakafuni saa nyingi peke yake mara nyingi hakuvunjika chochote, alishindwa tu kunyanyuka. Na akianguka mara mbili ndani ya mwaka mmoja, hata kama hakuumia, apelekwe akapimwe macho, presha, sukari na dawa zake zote ziangaliwe upya.